Kikao Chumbani kwa Dada

Mimi nilikuwa Katibu wa Malazi wa chama cha wanafunzi, na sikuwa na kitanda. Watu walilicheka jambo hilo mpaka wakachoka, kisha wakaanza upya. Mganga hajigangi, nilikuwa nawajibu, halafu nabadilisha mazungumzo.

Chuoni waliniita Honi, kwa sababu sijui kusema polepole. Kabla ya uchaguzi wetu, viongozi wa chama walikuwa wanapewa vyumba vyao kimyakimya, wakati wanafunzi wengine wanapiga kura ya bahati nasibu: unaingiza mkono ndani ya ndoo, unatoa karatasi, ikiwa na namba ya chumba umepata, ikiwa tupu pole yako. Ni mimi niliyepanda jukwaani wakati wa kampeni nikasema upuuzi huo ukome, kiongozi naye aingize mkono ndooni kama mwenzake. Nilipigiwa makofi mpaka nikajiona mtu. Tukashinda. Siku ya kura ya vyumba nikaingiza mkono ndooni mbele ya umati uliokuwa ukinishangilia, nikatoa karatasi tupu. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kikakosa mto.

Aliyeniokoa ni Dada. Yeye ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu mtoto wa mama mkubwa haitwi binamu, ni dada yako na maneno yameisha. Alikuwa mwaka wa mwisho, anasoma famasia, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa vitanda moja kwa moja bila ndoo. Alinikuta nimekaa juu ya begi langu nje ya bweni, akachukua mkono mmoja wa begi, akasema, "Twende, usiwape watu sinema." Tangu siku hiyo akawa amenibeba.

Kubebana ndiyo dawa ya chuo chetu. Mwenye kitanda anamlaza asiye na kitanda. Aliyebebwa anaingia kama mgeni, anatoka mapema kabla matroni hajapita, na hakuna anayemwuliza mwenzake swali. Sheria ya chuo inajua habari hiyo na imeitungia adhabu: akikamatwa, aliyebebwa anatolewa nje na aliyembeba ananyang'anywa kitanda. Kwa hiyo Dada alipoushika mkono wa begi langu alijua anashika nini.

Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake na chake miguuni kwangu. Mimi nilikuwa upande wa ukutani, na kila asubuhi nililalamika kwamba ukutani kuna joto. Dada alilala upande wa nje, na mara nyingi aliamka anasugua kiwiko. Ni mtu wa maneno machache sana. Ukutani alibandika vikaratasi vya majina ya dawa, akawa anavisoma huku anapiga mswaki, na mimi nikiongea alikuwa ananiitikia kwa povu mdomoni.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya ghorofa, viwili juu na viwili chini. Juu yetu alilala msichana tuliyemwita Bibi, kwa sababu alijifunga shali hata wakati wa joto na alilala jua likiwa bado halijapoa vizuri. Kitanda cha chini upande wa pili kilikuwa cha Mwanasheria, aliyekuwa anasoma sheria na kuifanyia mazoezi juu yetu. Juu yake alikuwa msichana wa hisabati ambaye hakuwa na neno na mtu. Hao pamoja na Dada ndio waliokuwa kwenye karatasi za matroni. Nje ya karatasi nilikuwapo mimi, rafiki wa Mwanasheria, na mbebwa wa yule wa hisabati aliyekuwa akilala kwenye godoro sakafuni. Chumba cha watu wanne tulikuwa saba, na asubuhi mtu akitaka kuvaa soksi ilibidi aombe njia.

Basi muhula ule baraza la chuo likatuandikia sisi viongozi wa chama tupeleke vipaumbele vitatu vya kuboresha maisha ya wanafunzi, viingie kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Vitatu tu. Tulikutana kwenye ofisi yetu, ambayo ilikuwa stoo ya kantini na bado ilinuka vitunguu, tukazunguka meza yenye mguu mmoja wa tofali. Kila mtu alikuja na chake. Katibu wa Michezo alitaka nyavu za magoli, akasema mtu anafunga goli halafu anatumia nusu saa kuufuata mpira. Katibu wa Elimu alitaka matokeo ya mitihani yatoke mapema, maana mtu anaambiwa amefaulu somo ambalo ameshalisahau. Mwingine alitaka intaneti. Mwingine alitaka zahanati, kwa kuwa pale kwetu uumwe jino, tumbo au moyo, unapewa kidonge kilekile cha kutuliza maumivu na unaambiwa unywe maji mengi.

Mimi nilitaka malazi, na nilipiga kelele mpaka mhudumu wa kantini akaja kuuliza kuna nini.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana mpole wa uhandisi ambaye neno lake kubwa lilikuwa ushahidi. "Hoja bila ushahidi ni dua," alikuwa anasema. Tulipiga kura, yakapita matokeo ya mitihani, zahanati na malazi. Nyavu za magoli zilikosa kura moja, na Katibu wa Michezo hakunisalimia wiki nzima.

Tukapeleka kwa Mlezi wa Wanafunzi, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye ndiye aliyekuwa akitusomea hoja zetu barazani. Sote tulimwita Mama Mlezi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, anaamini kilichoandikwa na matroni kwa sababu ndiyo kazi ya matroni kuandika. Akaturudishia jibu: matokeo sawa, zahanati sawa, malazi hapana. Kila kitanda kina mwanafunzi mmoja, matroni wote wamethibitisha, vitanda vinatosha. Kama tuna ushahidi mwingine tuulete kabla baraza halijakaa.

"Umesikia, Honi," Mwenyekiti akaniambia. "Kazi hiyo yako. Pita vyumbani, uliza kila chumba kina watu wangapi."

Nikapita. Jamani, nilidanganywa na watu ninaowajua kwa majina ya nyumbani kwao. Nabisha hodi, mlango unafunguliwa kidogo, mlangoni pana rundo la ndala za kutosha ukoo mzima, na mwenye chumba ananitazama usoni: "Tuko wanne tu, Katibu." Nilikuta chumba ambacho godoro la tano lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango na mtu amejificha nyuma ya godoro, anapiga chafya. "Tuko wanne tu." Nikakasirika, nikamwambia yule wa chafya afya njema, nikaondoka.

Lakini nilipofika kwenye mlango wetu wenyewe, Mwanasheria alikuwa amekaa kitandani anakata kucha. "Chumba chetu uandike wanne," akasema bila kuinua kichwa. Nikamtazama Dada. Dada alikuwa anasoma ukuta. Nikaandika wanne. Sasa ningemlaumu nani?

Mwenyekiti aliusoma utafiti wangu taratibu, akavua miwani. "Honi, hii inamsaidia Mama Mlezi kuliko inavyotusaidia sisi."

"Watu wanaogopa."

"Najua wanaogopa. Basi tusiwaulize. Tumlete Mama Mlezi mwenyewe aone. Kikao cha kujadili malazi tukifanyie bwenini, ndani ya chumba. Tukae hapo, tubanane, tutoke jasho, halafu aseme tena vitanda vinatosha."

Lilikuwa wazo zuri, na Mama Mlezi alipoambiwa alikubali mara moja. Alisema ni muda mrefu hajaingia kwenye chumba cha mwanafunzi na kwamba atakuja kwenye kikao, haji kukamata mtu. Ila akaongeza kuwa sheria ni sheria, akiambiwa jambo masikioni mwake hawezi kujifanya hakulisikia. Ikabaki kupata chumba. Viongozi wote waliokuwa pale walianza kutazama dari. Kila mmoja alikuwa amebebwa au amebeba, na kila mmoja alimjua mtu ambaye angemnyonga.

Kimya kikanishinda. Mimi kimya hunishinda upesi. "Njooni chumbani kwetu," nikasema.

Nilimkuta Dada kwenye kamba za nguo nyuma ya bweni, anakamua shuka. Nikashika upande mmoja nimsaidie kukunjua, nikamweleza kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeleta zawadi.

"Umewakaribisha wapi?" akauliza.

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona. "Kwetu," nikasema, lakini kwa sauti ya mtu mwingine.

"Honi, mgeni hakaribishi wageni."

"Mimi leo nimekuwa mgeni wako?"

"Kwenye karatasi za matroni ndivyo ulivyo. Kitanda kile kina jina moja, na likifutwa litafutwa langu." Akaivuta shuka kutoka mikononi mwangu, akaianika mwenyewe. "Mimi nimebakiza mitihani ya mwisho tu. Nyumbani ni basi la siku nzima, siwezi kwenda na kurudi. Nikitolewa hapa nitasomea wapi? Stendi?"

Nikainama kuokota vibanio vilivyoanguka chini.

"Wameshaambiwa, waje," Dada akasema. "Nikiwafukuza ndio watajiuliza. Lakini siku hiyo begi lako litoke mle ndani, na wewe ukae kimya. Hata ukiulizwa. Apa."

Nikaapa. Dada akabana kibanio cha mwisho, akachukua beseni akaondoka, na kwa siku kadhaa alinisalimia kama tunavyosalimiana na jirani. Usiku miguu yake ilikaa mbali na uso wangu kwa adabu kubwa, na adabu ile iliniuma kuliko teke.

Nilijifariji kwamba hata begi langu likitoka, chumba kitajisema chenyewe. Kulikuwa na godoro la sakafuni, masanduku yaliyopandana hadi dirishani, sufuria chini ya vitanda, nguo kila mahali. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Siku ya kikao nilikuwa na kipindi asubuhi, nikatoka darasani moja kwa moja kwenda bwenini, nikafungua mlango.

Nilidhani nimekosea chumba.

Sakafu ilikuwa inang'aa. Godoro la sakafuni halipo. Masanduku yote ya ziada yalikuwa yamehamishiwa kwenye chumba cha kufulia na kufunikwa shuka. Vitanda vyote vinne vilitandikwa mashuka yaliyopigwa pasi, na dirishani lilining'inia pazia la maua ambalo baadaye niliambiwa limeazimwa bweni la pili. Juu ya meza kulikuwa na maua halisi ndani ya chupa ya jamu. Hata vikaratasi vya dawa vya Dada vilibanduliwa. Katikati ya chumba alisimama Bibi na fagio mkononi na shali yake kiunoni, anatoka jasho, ana furaha.

"Bibi," nikasema, "mmefanya nini?"

"Si wageni wanakuja?" Alinishangaa kweli. "Wewe ulitaka wakute vile?"

"Ndiyo! Ndiyo nilitaka wakute vile! Ndiyo maana ya kikao!"

"Honi, acha. Mtu mzima kama yule aje akae kwenye takataka? Mama yangu akisikia atanikana. Shida ni yetu, vumbi la nini?"

Nikamtazama Mwanasheria, aliyetakiwa kuwa na akili. Alikuwa anapanga biskuti kwenye sinia. "Mimi nilipiga pasi tu," akasema.

Ndivyo tulivyo. Tunaweza kulala saba kwenye chumba cha wanne mwaka mzima, lakini mgeni asijue. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mwenyeji wetu alipona kabla mgeni hajafika, siku ambayo tulikuwa tunamhitaji akiwa mgonjwa. Nilitamani kulia, na ningechafua chumba upya kwa mikono yangu, lakini viatu vya wageni vilishaanza kusikika kwenye korido.

Waliingia Mama Mlezi, matroni wa bweni letu, Mwenyekiti na Katibu wa Elimu. Wabebwa wengine wawili walikuwa wameshapotea kwenda maktaba. Mama Mlezi alikaribishwa kwenye kitanda cha Dada, akakaa, akakijaribu kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bibi akamletea maji kwenye glasi yenye kisahani chini. Sijui alikopa wapi kisahani.

"Chumba kizuri," akasema Mama Mlezi. "Kina hewa. Nimefurahi sana, wanangu. Mimi niliambiwa nitakuta mambo ya kutisha."

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya maua. Aliyatazama maua, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Uso wake uliniuliza bila maneno nimemfanyia nini. "Labda Katibu wa Malazi ana la kusema," akasema.

Wote wakanigeukia. Dada alikuwa dirishani ameshika sinia la biskuti, hakunitazama.

"Sina," nikasema.

Katibu wa Elimu alipaliwa na maji. Hakuna mtu pale chuoni aliyewahi kunisikia nikisema neno hilo. Maneno yalikuwa yamenijaa mpaka kwenye meno, nikayafungia humo humo, na macho yakaanza kunichoma kwa hasira. Hasira kwa Bibi, kwa pazia, kwa Mama Mlezi na kisahani chake, lakini zaidi kwangu mimi niliyeapa kwa haraka kama ninavyofanya kila kitu.

"Basi," Mama Mlezi akasema, akafungua faili lake mapajani, "nadhani tumeona. Malazi tuyatoe, nafasi yake tuweke saa za maktaba, au intaneti, mtakavyopenda. Na nyie wasichana niwapongeze. Laiti wenzenu wote wangekuwa hivi. Maana nasikia kuna watu wanajazana mabwenini, nao si kwamba wana shida. Ni wazururaji. Mtu aliyekuja kusoma utamjua, na aliyekuja kurandaranda kwenye vitanda vya watu utamjua pia."

Sinia likawekwa mezani. Si kwa kishindo, liliwekwa tu.

"Samahani, Mama," Dada akasema. "Mdogo wangu si mzururaji."

Mama Mlezi aliinua kichwa. "Mdogo wako yupi, mwanangu?"

"Huyo hapo mlangoni. Anaishi humu. Analala hapo hapo ulipokaa, kichwa chake kinakaa upande huo wako."

Mama Mlezi akasogea kidogo, kama mtu aliyeambiwa amekalia nguo ya mwenzake. Akanigeukia. "Katibu wa Malazi?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. Kiapo kilikuwa kimeshavunjwa na mwenyewe aliyeniapisha.

"Wewe si ndiye uliyekataa vyumba vya viongozi?"

"Ndiyo, Mama."

Matroni alikuwa anatazama sakafu iliyong'aa kama anatafuta mahali pa kuingia. Dada aliendelea kwa sauti yake ileile ya chini, na ilibidi watu wainamishe vichwa wamsikie. "Sheria naijua. Sikusema ili nihurumiwe. Lakini mama yake na mama yangu ni wa tumbo moja, na yeye anaamka kabla yenu nyote kwenda darasani. Sikuweza kusimama hapa na biskuti mkononi akiitwa vile."

"Mama, kwa mujibu wa kanuni za..." Mwanasheria akaanza kusimama.

"Kaa chini," Dada akamwambia, naye akakaa.

"Na wengine?" Mama Mlezi akauliza. "Wako wangapi humu kwa jumla?"

"Mimi nimesema langu, Mama. La mwenzangu si langu."

Mama Mlezi hakumshurutisha. Aliinuka, akatembea hatua chache ambazo chumba kiliruhusu, kisha akausukuma mlango ufungike ili apite vizuri. Nyuma ya mlango, mahali ambapo Bibi na usafi wake wote hakukumbuka kupahesabu, kulikuwa na misumari yetu ya taulo. Taulo zote zilikuwa zimefuliwa jana yake kwa heshima ya wageni, zimekunjwa vizuri, kila moja kwenye msumari wake. Mama Mlezi alizitazama kutoka ya kwanza hadi ya saba. Bibi alijifunika mdomo kwa shali.

Mama Mlezi alirudi, akakaa palepale, akafungua faili, akaandika. Kisha akamgeuzia Mwenyekiti ili asome. Malazi yalikuwa yamerudi, na yalikuwa ya kwanza.

"Barazani nitalisema mwenyewe," akasema. Akamgeukia Dada, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini sheria siwezi kuikunja kwa sababu tu nimekikalia kitanda chako, mwanangu. Nimeshaambiwa. Ufunguo utampa matroni mwisho wa wiki."

"Nitoeni mimi!" Hapo honi ilifunguka, na nadhani bweni zima lilisikia. "Mama, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfuata, mimi ndiye niliyewaleta hapa! Yeye ana mitihani! Ninyang'anyeni mimi!"

"Wewe huna kitanda cha kunyang'anywa," Mama Mlezi akasema. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli tu.

Walipoondoka nilimfuata Dada hadi kwenye kamba za nguo, ingawa hakukuwa na nguo ya kuanua. Nilikuwa nalia waziwazi. "Kwa nini? Si uliniapisha nikae kimya? Nimekaa kimya, Dada, nimekaa kimya mpaka kichwa kinaniuma!"

"Nilikuapisha wewe," akasema. "Mimi sikuapa." Akanipa ncha ya kanga yake nifute uso. "Tena ulijitahidi. Sikutegemea."

Mwisho wa wiki akampa matroni ufunguo, akakunja shuka zake, akalibeba begi lake hadi mlangoni. Hapo Bibi, aliyekuwa ameshapanda kulala na jua bado lipo, akajivuta hadi ukutani, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki. "Panda," akasema. "Na usinisomee dawa usingizini." Dada alisimama kidogo na begi lake, kisha akapanda. Mimi nikaenda kwenye godoro la sakafuni, na mwenye godoro akanipa nusu.

Kwa hiyo tukabaki watu saba walewale, na vitanda vitatu. Cha nne kilikaa kitupu, godoro lake wazi, kinasubiri mtu wa halali kutoka kwenye orodha ya ofisini. Hakuna aliyekigusa. Tulikuwa tunakipita asubuhi tukiombana njia, na Mwanasheria alisema hajawahi kuona sheria ikitekelezwa kwa uzuri kiasi kile. Dada alivibandika upya vikaratasi vyake, safari hii karibu na dari, akawa anavisoma amelala chali.

Baraza lilikaa. Mama Mlezi alisema alichoahidi kusema, na Mwenyekiti aliniambia alieleza hata habari za taulo. Malazi yakapita: karakana ya zamani nyuma ya maktaba itakarabatiwa iwe bweni, na kanuni ya kubebana itaangaliwa upya. Yote hayo mwaka ujao. Watu walinipongeza kantini, wakagonga meza, na Katibu wa Michezo akarudisha salamu yake. Mimi nilikula haraka nikaondoka, maana mwaka ujao Dada hatakuwapo.

Siku chache baadaye, mchana, sote tukiwa chumbani, mtu alibisha hodi mlangoni. Alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, na sanduku kubwa, na karatasi ya ofisi mkononi. Alisoma namba ya mlango, akasoma karatasi, akatusalimia kwa woga. Tukamwambia karibu, kitanda chako ndicho hicho.

Hakuingia. Aligeuka nyuma, akatugeukia tena, akameza mate. Nyuma yake kwenye korido kulikuwa na msichana mwingine, mdogo kidogo, mwenye begi la mgongoni na mto kwapani.

"Samahani," yule wa sanduku akasema. "Huyu ni mgeni wangu. Ni wa siku mbili tatu tu. Amekosa kwenye ndoo."

Mwanasheria ndiye aliyeanza kucheka, tukafuata wote, hata yule wa hisabati. Wale wawili pale mlangoni wakashtuka, na mwenye mto akaanza kurudi nyuma taratibu.

Dada hakucheka. Alishusha kitabu, akashuka kutoka juu kwa Bibi. "Ni nani wako?" akamwuliza.

"Mdogo wangu. Mtoto wa mama mdogo."

Dada akachukua begi la yule mdogo, akaliweka juu ya godoro wazi. Akafungua begi lake mwenyewe, akatoa shuka, ileile aliyoikamua siku ile, akaanza kuwatandikia. Alipomaliza kuchomekea, akapiga kiganja upande wa ndani.

"Mtalala mzungu wa nne," akamwambia yule mkubwa. "Mdogo wako mweke ukutani. Wa nje huwa anaanguka."

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na kitabu mapajani. Nilikumbuka alama ya bluu iliyokuwa haiishi kwenye kiwiko cha Dada, ambayo sikuwahi kuiuliza, na asubuhi zote nilizolalamika juu ya joto la ukutani. Nikainuka, nikamshikia Dada upande wa pili wa shuka.